Mechi 16, ushindi sifuri: maswali yenu kuhusu Detroit Lions ya 2008

NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ilianza kucheza msimu wa mechi 16 mwaka 1978. Ilichukua miaka 30 kabla timu moja haijazipoteza zote: Detroit Lions, 2008. Cleveland Browns wakafuata nyayo mwaka 2017. Tampa Bay Buccaneers nao walimaliza 1976 bila ushindi katika mechi 14, ila wale walikuwa timu mpya iliyookoteza wachezaji ambao wenzao hawakuwataka, kwa hiyo tunawasamehe. Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu Lions.

Timu yenye Calvin Johnson inakosaje hata ushindi mmoja? (Msomaji, Mwanza)

Johnson, mpokeaji wa pasi, alitimiza wajibu wake. Alipokea pasi za yadi 1,331 na kufunga tachidauni (bao la pointi sita) 12, na mabeki wote wa ligi walijua kuwa mpira unamfuata yeye. Shida ilikuwa upande wa pili. Lions walifunga pointi 268 na kufungwa 517, yaani wastani wa pointi 32 kila mechi. Ukifungwa 32, mshambuliaji wako awe nani tena?

Kocha Rod Marinelli alitoka Tampa Bay, alikokuwa akifundisha safu ya mbele ya ulinzi, na alikuja na mfumo wa huko uitwao Tampa 2. Mabeki wawili wa mwisho wanagawana uwanja nusu kwa nusu. Lainibeka wa kati, mlinzi wa safu ya pili, anarudi nyuma mbio kuziba pengo lililo baina yao. Wanne wa mbele wanatakiwa wao wenyewe kumfikia kwotabeki wa wapinzani, yule mrusha pasi, bila msaada wa mtu wa tano. Mfumo wote umesimama juu ya hao wanne. Wakichelewa, kwotabeki wa wapinzani anapata muda wa kusubiri hadi mpokeaji mmoja asimame peke yake katikati ya kanda mbili, na hapo hakuna wa kulaumiwa isipokuwa waliochelewa.

Sasa tazama: kabla ya msimu huo Lions walimuuza Shaun Rogers, jitu la zaidi ya kilo 150 lililokuwa likiziba katikati ya safu ile, kwenda Cleveland. Malipo yalikuja mechi ya kwanza tu, Atlanta. Pasi ya kwanza ya Matt Ryan, kwotabeki wa Atlanta, katika maisha yake ya NFL ilikuwa tachidauni ya yadi 62. Mkimbiaji wao Michael Turner akakimbia yadi 220 peke yake. Kufikia mwisho wa msimu Lions walikuwa wakiruhusu zaidi ya yadi 170 za kukimbia kwa mechi, na walikuwa wamenasa pasi nne tu za wapinzani. Nne, katika mechi 16.

Wa kulaumiwa ni kocha au uongozi? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Uongozi, na tunasema hivyo bila kusitasita. Matt Millen alikuwa kiongozi wa masuala yote ya mpira tangu 2001 hadi alipotimuliwa Septemba 24, 2008, timu ikiwa imeshachapwa mara tatu. Rekodi ya kipindi chake ni ushindi 31 na vipigo 84.

Angalia alivyotumia drafti, ule mgao wa wachezaji wanaotoka vyuoni. Mwaka 2002 alimchukua kwotabeki Joey Harrington katika nafasi ya tatu. Kisha wakaja wapokeaji katika raundi ya kwanza: Charles Rogers 2003, Roy Williams 2004, Mike Williams 2005, Calvin Johnson 2007. Wanne ndani ya drafti tano. Rogers na Mike Williams hawakufika popote, Roy Williams aliuzwa Dallas Oktoba 2008, Johnson akawa mmoja wa bora kabisa.

Hata wangekuwa wote kama Johnson, hesabu ingegoma. Mpokeaji ni mtu wa mwisho katika mnyororo. Kabla mpira haujamfikia, watu watano wa mbele lazima wazuie, na kwotabeki lazima aone na arushe. Ukiwekeza kwenye mwisho wa mnyororo mwaka baada ya mwaka, unabaki na safu dhaifu mbele, ulinzi wa kuokoteza, na kwotabeki anayekimbizwa kila mchezo. Mwaka 2008 walianza na Jon Kitna, akaumia mgongo baada ya mechi nne. Dan Orlovsky akaanza saba. Novemba wakamsajili Daunte Culpepper, ambaye hakuwa na timu, naye akaanza tano. Kikosi kinachotafuta kwotabeki Novemba kimeshakwisha.

Marinelli naye hakupona: alifukuzwa Desemba 29, siku moja baada ya kipigo cha 16 kule Green Bay, 31-21.

Nimeona video ya kwotabeki akikimbia nje ya uwanja bila kujua. Ndiyo hiyo? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo hiyo. Oktoba 12, 2008, Minnesota. Orlovsky alipokea mpira akiwa ndani ya eneo lake la bao, mlinzi wa Minnesota Jared Allen akamfukuza, naye akakimbia kuelekea kulia huku akitafuta wa kumpasia. Miguu yake ilikuwa imeshavuka mstari wa nyuma hatua kadhaa kabla hajatambua. Kutoka nje ukiwa na mpira ndani ya eneo lako mwenyewe huwapa wapinzani pointi mbili, na juu ya hapo wanarudishiwa mpira, kwa kuwa unalazimika kuwapigia kwa teke.

Lions walipoteza 12-10. Watu wanakumbuka zile mbili, lakini mechi ilikuwa bado mikononi mwao hadi dakika za mwisho. Waamuzi wakampigia filimbi beki Leigh Bodden kwa kumzuia mpokeaji, kosa lililowasogeza Minnesota yadi 42, na mpigaji Ryan Longwell akamaliza kazi kwa teke la pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 9. Video hiyo ni ya kuchekesha, ila kilichoua mechi ni hilo kosa la Bodden.

Ni kweli walishinda mechi zote za maandalizi? (Msomaji, Eldoret)

Kweli, nne kwa nne. Browns ya 2017 pia, nne kwa nne. Katika mechi hizo wachezaji wa kutegemewa hucheza kidogo au hawachezi kabisa, na makocha huficha mbinu zao. Usiweke hela yako hapo.

Je, timu hizi hupoteza makusudi ili zipate mchezaji bora wa drafti? (Msomaji, Dubai)

Wachezaji, hapana. Mikataba mingi ya NFL haina dhamana kamili, mtu anaweza kuachwa wiki yoyote, na kila anachofanya uwanjani kinabaki kwenye video ambayo timu nyingine 31 zitaitazama kabla ya kumpa kazi. Kocha naye akijua atafukuzwa, ana faida gani kumtafutia mrithi wake kwotabeki mzuri?

Ofisini ni jambo jingine. Uongozi unaweza kuunda kikosi dhaifu kwa kujua, ukauza mechi za leo ili kununua za kesho. Browns walifanya hivyo waziwazi. Machi 2017 walikubali kubeba mkataba wa kwotabeki Brock Osweiler kutoka Houston, dola milioni 16 zilizodhaminiwa, kwa sababu Houston waliambatanisha nafasi ya raundi ya pili ya 2018. Osweiler waliachana naye kabla msimu haujaanza. Nafasi ile ikawa Nick Chubb, mkimbiaji hodari. Kwa maneno mengine, walinunua nafasi ya drafti kwa fedha taslimu.

Ila mpango huo ulikuwa na tundu: hawakuwa na kwotabeki. Walimtupa uwanjani DeShone Kizer, kijana wa mwaka wa kwanza, akanaswa pasi 22. Mwaka 2016 walishinda mechi moja, 2017 hawakushinda hata moja. Aliyebuni mpango, Sashi Brown, alifukuzwa Desemba 2017 na matunda wakala wengine. Mashabiki wao, Januari 6, 2018, waliandamana kwenye baridi kali kuuzunguka uwanja wa timu, njia yenyewe ikichora sifuri.

Wakiburuza mkia hawashuki daraja? (Msomaji, Bujumbura)

Hawashuki. NFL ina timu 32, hakuna daraja la pili, na fedha za televisheni za kitaifa hugawanywa sawa. Hasara ya Lions ilikuwa tiketi: enzi hizo mechi ya nyumbani ambayo haijauzwa yote saa 72 kabla haikuonyeshwa kwenye televisheni za eneo hilo, na Detroit walizimiwa mechi kadhaa. Kanuni hiyo ilisimamishwa 2015.

Basi wa mwisho anapata nini hasa? (Msomaji, Minneapolis)

Kwanza, anachagua wa kwanza katika kila raundi ya drafti, na raundi ni saba. Timu zikilingana rekodi, hutangulia ile iliyocheza na wapinzani dhaifu zaidi. Pili, mchezaji anapoachwa na timu yake na kuwekwa kwenye orodha ya kudaiwa, timu mbovu ndiyo ya kwanza kumdai. Hadi wiki ya tatu hutumika rekodi ya mwaka uliopita, kisha msimamo wa sasa. Tatu, ratiba: siku hizi mechi ni 17, na tatu kati yake hupangwa kwa kufuata nafasi uliyomaliza katika kundi lako, kwa hiyo wa mwisho hukutana na wa mwisho. Mechi tatu tu. Wengi hudhani ni nusu ya ratiba. Timu iliyobadilisha kocha pia huruhusiwa kuanza mazoezi ya Aprili wiki mbili kabla ya wenzake.

Thamani ya nafasi ya kwanza imebadilika sana. Lions walimchukua kwotabeki Matthew Stafford mwaka 2009, na kabla hajarusha mpira hata mmoja walikuwa wamemdhaminia dola milioni 41.7. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji ukaweka viwango vya mishahara ya vijana, na 2011 Cam Newton, aliyeshika nafasi ileile, akasaini miaka minne kwa takribani milioni 22. Kuwa wa mwisho leo kuna faida kuliko ilivyokuwa kwa Detroit.

Nitajuaje kama timu yangu ni mbovu kweli au ina mkosi tu? (Msomaji, Nairobi)

Chukua kikokotoo. Pointi ulizofunga zipandishe kwa kipeo cha 2.37, ulizofungwa vilevile. Gawanya ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, kisha zidisha kwa idadi ya mechi. Lions ya 2008 inatoa karibu ushindi 2.8. Browns ya 2017, waliofunga 234 na kufungwa 410, inatoa kama 3.3. Zote mbovu, lakini zote zilistahili ushindi mara tatu hivi.

Kisha tazama tofauti ya mipira: uliyoinyang'anya toa uliyoipoteza. Browns walikuwa hasi 28, kiwango ambacho ni nadra timu kukirudia mwaka unaofuata, maana mpira ukidondoka haueleweki utaangukia kwa nani. Mwaka 2018 walishinda saba. Lions, ambao tatizo lao lilikuwa ukosefu wa watu, walishinda mbili tu mwaka 2009, sita 2010, na 2011 wakafika kumi na kuingia hatua ya mtoano.

Lions wanacheza saa ngapi kwa saa zetu? (Msomaji, Dodoma)

Mechi za Jumapili mchana za Detroit huanza saa 2 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na kuanzia Novemba, Marekani ikirudisha saa nyuma, zinakuwa saa 3. Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, Lions huwa nyumbani kila mwaka, kati ya saa 2:30 na saa 3 usiku. Ya 2008 walibamizwa na Tennessee 47-10.