Binti ameacha mpira kwa sababu ya "mapaja ya kiume": jibu la aliyecheza beki tatu

Mleta mada, umesema binti yako wa kidato cha pili ameacha mpira baada ya wenzake kumwambia anaota mapaja ya kiume, na mama yake anaona afadhali, asije akakosa mchumba. Nimesoma majibu yote hapo juu. Wengi mnaoshauri hamjawahi kuvaa bukta mbele za watu mkakaguliwa kuanzia kisigino mpaka shingo.

Nilicheza mpira wa kulipwa misimu sita, kama nauli na sahani ya wali navyo vinahesabika malipo. Namba yangu ilikuwa beki tatu, yaani beki wa kushoto (chekeni mmalize, najua mahausigeli nao mnawaita hivyo). Mimi ni mtu wa Mtwara, Chikongola, mama Mmakonde, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Mjomba wangu alipanda basi kutoka Newala kuja kunikataza. Mtoto wa kike umechezwa unyago ukafundwa, halafu unakimbizana na mpira mapaja nje? Alinikuta natoka bombani, ndoo kichwani, nyingine mkononi. Nikazitua. Kabla hajaanza kunisema akamgeukia mama: "Huyu ana nguvu, atakayemuoa atafaidi." Halafu ndipo akanikalisha kitako kunikanya. Misuli ni ile ile, jamani! Msimu wa korosho wanawake wa kwetu wanainama shambani kutwa, jioni wanabeba mizigo mpaka nyumbani, sijasikia mtu akisema wameota mabega ya kiume. Yapeleke mabega hayo uwanja wa mpira wa Nangwanda Sijaona uone.

Kuna mechi moja sitaisahau. Nilimpora mpira winga wao mara tatu mfululizo, jukwaani mwanaume mmoja akaanza: "Akaguliwe huyo!" Wengine wakadakia. Mapumziko, kiongozi wa wapinzani akaja na dai lile lile, kwa sauti ya kistaarabu. Matroni wetu akanishika mkono, akaniingiza kwenye kistoo cha nyavu na chokaa ya kuchorea uwanja, akafunga mlango. Hakunigusa. Alipiga magoti akanifungua kamba za daluga, akazifunga upya, mguu huu kisha ule, taratibu kama anamvalisha mtoto wa chekechea. Tulipotoka akamwambia yule bwana, "Nimemaliza," akampita. Nilirudi uwanjani nikacheza hovyo, nikikwepa kugusana na mtu. Kipindi hicho hicho kulikuwa na beki wa kiume pale mjini mwenye mapaja kama yangu, watu wanamwita chuma.

Msidhani ni ushamba wa kwetu. Mshambuliaji Barbra Banda wa Zambia aliachwa nje ya WAFCON, kombe la Afrika la wanawake, ya 2022 kwa habari za vipimo vya homoni. Mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia, na 2024 CAF, shirikisho la soka Afrika, ikampa uchezaji bora wa mwaka Afrika. Hapa nyumbani, Agosti 2021, Rais Samia aliwapokea Ikulu vijana wa kiume wa chini ya miaka 23 waliotwaa kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, na katika hotuba akawagusa wanasoka wa kike, vifua vyao bapa na ugumu wa kuolewa. Kwa haki, hoja yake ilikuwa pia maisha yao miguu ikishachoka, na hilo ni swali la kweli. Ila wavulana waliokuwa pale hawakuulizwa nani atawaoa.

Na nguo! Mimi shangazi alilalamika bukta fupi, nikavaa taiti ndani na kitambaa kichwani. Kitambaa chenyewe FIFA iliruhusu rasmi 2014 tu. Halafu 2021, mashindano ya Ulaya ya mpira wa mikono wa ufukweni kule Bulgaria, wanawake wa Norway wakapigwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa bukta badala ya bikini. Shangazi nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa mwanao. Usimwambie apuuze. Mimi niliambiwa nipuuze, nikawa nalia bafuni. Muulize kwanza kama ni mapaja tu. Wasichana wengi niliocheza nao walianza kukosa mazoezi kwa sababu hawana sidiria ya kubana ya michezo, au jezi ya timu ni bukta nyeupe na siku zake zimekaribia. Hata timu ya wanawake ya Uingereza waliachana na bukta nyeupe kabla ya Kombe la Dunia la 2023, wakavaa za bluu. Mnunulie bukta nyeusi na sidiria mbili, za mtumba si mbaya, azijaribu kwa kurukaruka kabla hujalipa. Uongee na kocha wake pia, maana makocha wengine ndio wanaoanzisha hayo majina.

Mkeo mwambie nimeolewa, kama ndicho kinachomnyima usingizi. Ingawa golikipa wetu hajaolewa, ana duka lake la vifaa vya ujenzi, na nikikwama ndiye ananikopesha.

Umesema mko Mikindani. Jumamosi huwa nafanya mazoezi na mabinti hapa mjini, mapema kabla jua halijawa kali. Mlete akae pembeni tu atazame. Aje na maji yake.