Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Kusahihisha Maandishi ya Kiswahili

Karibu kila kijana anayeingia katika kazi ya uhariri huja na lalamiko lile lile, kwamba watu wa simu wameiharibu lugha kwa vifupisho vyao, na mimi humwomba aliweke kando walau kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu litamfanya atazame mahali pasipo na tatizo. Anayeandika "cjui" au "wa2" anajua vema kwamba maneno kamili ni "sijui" na "watu". Ameyafupisha kwa utaratibu unaoeleweka, uliozaliwa enzi ambazo ujumbe mmoja wa simu uliishia kwenye herufi 160 na kila ujumbe ulikatwa fedha yake. Mpe mtu huyo barua ya kuomba kazi aiandike, naye tarakimu zile hutaziona. Kosa linalostahili macho yako ni lile ambalo mwandishi hajui kuwa ni kosa, analolitia katika barua rasmi, katika mkataba wa pango, katika bango la duka na katika mswada wa riwaya, tena kwa mwandiko safi na bila wasiwasi wowote.

Anza na mipaka ya maneno, maana hapo ndipo penye kazi nyingi kuliko mahali pengine pote. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, lakini sikio la mwandishi asiye na mazoezi husikia "na" na kudhani ni kile kiunganishi cha "baba na mama". Ndiyo maana kila ofisi ina ujumbe wa namna ya "Bosi, na omba ruhusa kesho" au "Mpenzi, na kukumbuka sana". Ugumu ni kwamba "na kuomba" nayo ni Kiswahili halali mahali pake, kama katika "Alifika na kuomba maji", kwa hiyo huwezi kuliona kosa bila kusoma sentensi nzima. Kipimo ninachowafundisha wageni ni chepesi: weka "nina-" mahali pa "na". Ikiwa sentensi inasimama kwa "ninakuomba", andika "nakuomba" kwa pamoja. Ikiwa haisimami, acha nafasi. Kosa la upande wa pili ni kubandika kinachotakiwa kuachana, kama "kwasababu", "kwahiyo", "kwaajili ya", "hatakama" na "kilasiku". Hapa jiulize kama neno la pili linaweza kuishi bila la kwanza. "Sababu" inaishi peke yake, "ajili" haiishi vizuri ila pamoja na wenzake, lakini mazoea ya maandishi sanifu yameitenga nayo, na mhariri hana ruhusa ya kuamua upya.

Virejeshi, yaani viambishi kama "-ye-" na "-o-" vinavyomrudia anayetajwa, vina mtego wao. "Asiyejua" ni neno moja, "asiye na kazi" yameachana kwa sababu "na" ile inajitegemea, na mtu akikuandikia "asie jua" amekosa mara mbili katika neno moja: amedondosha y na amekata kitenzi katikati. Y hiyo inayodondoka utaikuta kila mahali, katika "aliekuja", "aliefariki" na "anaehusika", na hata katika matangazo ya vifo ambako familia imelipa ili maneno yachapwe vizuri. Katika wingi wa watu, kwa upande mwingine, y haina nafasi: ni "watu waliokuja", wala si "waliyokuja", ilhali "mambo waliyoyaona" ni sahihi kwa sababu kirejeshi kinayafuata mambo. Mwandishi aliyechanganyikiwa hutia "-yo-" kila mahali kwa kubahatisha, akaandika "vitabu tuliyonunua" badala ya "vitabu tulivyonunua", na ukimsahihisha bila kumweleza sababu atarudia kosa hilo hilo katika sura inayofuata.

Herufi h ndiyo inayonitia hofu kuliko nyingine zote. Katika "uku" na "apa" hasara si kubwa, kwani msomaji ataelewa na kusikitika. Lakini ukanushi wa Kiswahili katika nafsi ya tatu umoja mara nyingine umeshikwa na h hiyo moja tu. Soma "Mpangaji hatalipa gharama za maji" kisha soma "Mpangaji atalipa gharama za maji", halafu fikiria kwamba aliyeandika mkataba ni mtu ambaye h humtoka pale inapotakiwa na humjia pale isipotakiwa. Ni vivyo hivyo kwa "ana deni" na "hana deni". Programu ya kusahihisha tahajia haitakusaidia kitu hapa, kwa sababu maneno yote mawili yamo katika kamusi na programu haijui nani ana deni na nani hana.

Jozi za sauti nyingine unazijua tayari: l na r, th na s, dh na z. Lugha zetu nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r, na mtu huandika anavyotamka, ndipo tunapopata "kupiga kula" siku ya uchaguzi na "mahari pa kazi" katika tangazo la usalama. Lakini chunguza pia kosa la mtu anayejitahidi kupita kiasi. Pita mitaa ya mafundi seremala katika mji wowote wa Tanzania utakuta bango la "Thamani za ndani", likimaanisha makabati na makochi. Mwenye bango anajua kwamba watu huchekwa kwa kusema "selasini" badala ya "thelathini", akaona afadhali aitie th hata katika "samani", na sasa duka lake linauza thamani. Mwandishi wa namna hii si mvivu. Ni mtu aliyeambiwa kwamba amekosea bila kuambiwa kanuni, na ukimwekea alama nyekundu tu unamwongezea woga uliomfikisha hapo.

Alama za uakifishaji hazihitaji hotuba ndefu. Baada ya "Je" mwanzoni mwa swali kuna mkato, na "-je" ya mwisho hushikamana na kitenzi: "Ulifikaje?" Anayeitwa hutengwa kwa mkato: "Ndugu mteja, tunakujulisha…" Nukta tatu si kipumziko cha kila sentensi. Ritifaa ya "ng'ombe" na "ng'oa" ni sehemu ya tahajia na haiachwi, ingawa simu nyingi zimeificha katika ukurasa wa pili wa baobonye, yaani kibodi, na watu wamechoka kuitafuta.

Mtaniuliza hali hii imetoka wapi. Sitaki kusema kwamba zamani watu wote waliandika vizuri, kwa kuwa tahajia tunayoilinda haina umri mrefu. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya hapo, na ilipokuja hati ya Kilatini kila mmisionari na kila ofisa alikuwa na namna yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, ikipitisha vitabu vya shule na kusawazisha maandishi. Nidhamu ile ilishikiliwa na shule na wachapaji, yaani watu wachache waliosoma kila kitu kabla hakijaufikia umma. Leo maandishi mengi yanaufikia umma bila kupita mikononi mwa mtu wa pili, na kwa maoni yangu hilo linaeleza mambo mengi zaidi kuliko uvivu wa vijana.

Sababu nyingine iko katika heshima tunazozigawa. Katika sekondari za Tanzania masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hubaki somo moja kati ya mengi; mwanafunzi anaweza kufika chuo kikuu bila kusahihishiwa aya ya Kiswahili nje ya somo hilo. Akiajiriwa, barua pepe ya Kiingereza huisoma mara tatu kabla ya kuituma, humwomba mwenzake aipitie, na akikosa herufi moja huona aibu siku nzima. Ya Kiswahili huituma bila kuisoma hata mara moja, kwa imani kwamba lugha aliyozaliwa nayo haiwezi kumshinda. Nimewaona wakuu wa idara waliomkaripia karani kwa kosa la Kiingereza wakitia sahihi tangazo la Kiswahili lenye makosa katika kila mstari. Wewe unayeanza, jipe zoezi la kusoma maandishi yako mwenyewe ya Kiswahili kwa hofu ile ile unayoiweka katika Kiingereza, ukianzia na jumbe za kawaida, maana jicho halifunzwi ofisini peke yake.

Kuhusu vifaa, tumia kompyuta kutafuta lakini usiiache isahihishe. "Kwasababu" na "kwahiyo" unaweza kuzibadilisha zote kwa amri moja bila hatari. Ukijaribu ujanja huo kwa "alie" ili upate "aliye", utafungua mswada na kukuta "aliyeleza" na "waliyelewa" pale palipokuwa na "alieleza" na "walielewa", na kazi ya kuyafuatilia itakuwa kubwa kuliko ile uliyoikimbia. Pitia mswada zaidi ya mara moja, kila mara ukiwinda aina moja ya kosa: mara moja kwa mipaka ya maneno, mara nyingine kwa h na l na r, mara nyingine kwa upatanisho wa ngeli. Anayewinda yote kwa pamoja huvutwa na hadithi akafika ukurasa wa kumi bila kuona kitu.

Jifunze pia kuzuia mkono. Mwandishi wa Unguja akiandika "skuli" hajakosea, na mhariri wa bara anayembadilishia kuwa "shule" anamfundisha mtu lugha ya nyumbani kwake. "Ndia", yaani njia, katika shairi la Kimvita, lahaja ya Mombasa, ibaki "ndia". Mhusika wa riwaya anayeishi Nairobi anaweza kusema "mtu mwenye alikuja", kwa kuwa ndivyo watu wa huko wanavyozungumza. Katika masimulizi ya mwandishi mwenyewe itakuwa "mtu aliyekuja". Na yako mambo ambayo wachapaji wenyewe hawajakubaliana, kama "sio" na "siyo" katika ukanushi. Chagueni moja, iandikwe katika mwongozo wa nyumba yenu, na mtu asibadilishe katikati ya kitabu.

Mwisho ni mahali pale ambapo makosa mawili yamekutana na kila moja limefuta ushahidi wa mwenzake. Chukua sentensi hii katika hadithi ya posa: "Walipofika walikuta mahari imeandaliwa." Kwa tahajia ni mali ya kuolea. Lakini mwandishi huyu amekwisha kuandika "mahari pa kukaa" kurasa mbili nyuma, kwa hiyo huenda alikusudia mahali. Zamani upatanisho ungeamua, kwani mahali "pameandaliwa" na mahari "imeandaliwa". Ila siku hizi watu wengi husema "mahali imeandaliwa", na mlinzi huyo naye ameondoka mlangoni. Usichague kwa kukisia, hata kama tarehe ya kuchapa imekaribia na mkuu wako anasimama nyuma ya kiti. Zungushia neno, andika swali pembezoni, mpigie mwandishi simu, na jibu lake uliombe kwa maandishi ulihifadhi pamoja na prufu, ile nakala ya kusahihishia, hadi kitabu kitakapotoka.