Ukipangiwa masjala, usinune

Vijana wapya wakiletwa afisini kwetu Chake Chake, mimi huwatazama nyuso siku ya kupangiwa vitengo. Anayepelekwa uhasibu hutabasamu. Anayepelekwa mipango huipiga picha meza yake. Anayepelekwa masjala hununa, akenda zake nyumbani akamwambia mamake kwamba diploma yake imetupwa kwenye chumba cha mafaili.

Mimi nilianzia chumba hicho hicho. Lau ningekuwa na uwezo wa kuwapanga watu, kila anayeanza kazi za utawala angepita masjala kabla ya kupewa meza pengine popote. Watu hudhani utawala ni kuandika barua zenye Kiswahili kizito na kuvaa vizuri. Kazi yenyewe ni kwamba jambo lolote lililoingia afisini lipatikane, na ijulikane liko kwa nani na limefika wapi, hata kama wewe siku hiyo uko harusini Wete na simu umeizima. Chuo cha Utawala wa Umma pale Tunguu watakusomesha misingi yake, na wanasomesha vizuri. Mkono lakini huzoea masjala.

Chukua barua inayoingia. Jambo la mwanzo si kuisoma na kushangaa yaliyomo. Igonge muhuri wa kupokelea wenye tarehe ya siku ile ile, kisha iingize kwenye rejista: imetoka wapi, kumbukumbu namba yake, tarehe iliyoandikwa, tarehe iliyofika, inahusu nini, imewekwa jalada gani. Tarehe mbili hizo wengi huziona kitu kimoja, wakaandika moja wakaacha nyingine. Sasa ije barua ya kumwita mtu kwenye usaili. Imeandikwa tarehe 3, imefika tarehe 17, na usaili ulikuwa tarehe 15. Mzazi wake atakuja juu, na wa mwanzo kuulizwa ni aliyeipokea. Hapo rejista ndiyo itakayokusemea, maana maneno matupu hata mimi singeyaamini.

Ndani ya jalada kila karatasi ina namba yake ya folio, yaani namba ya karatasi, kwa mfuatano, na ikishaingia haichopolewi. Afisa akitaka kuisoma anapelekewa jalada zima. Barua zinakaa upande mmoja, madokezo (maelezo mafupi ambayo maafisa wanaandikiana wao kwa wao) upande wa pili, na hapo kwenye madokezo ndipo kijana anapoonekana ni wa namna gani. Yuko anayeandika "Kwa hatua zako tafadhali" akamsukumia mkuu, kazi imekwisha. Na yuko anayeandika mistari mitano: barua iliyopo folio 14 inaomba jambo hili, mwaka jana tuliombwa kama hili tukajibu hivi (tazama folio 6), fungu la safari limebaki kidogo, napendekeza tukubali kwa watu wawili badala ya wanne. Mkuu anaandika "Nakubali", anatia saini, jalada linarudi kabla ya adhuhuri. Huyu wa pili ndiye atakayeitwa tena. Hajui siasa za afisi wala hana mjomba wizarani, ila amesoma jalada.

Na jalada lisitoke masjala bila kuandikwa limekwenda kwa nani na lini. Hata likiombwa na mkurugenzi mwenyewe amesimama mlangoni. Khasa likiombwa na mkurugenzi mwenyewe.

Kuna mambo ya visiwani ambayo vitabu vya bara na vya Ulaya havikuandikii. Hewa ya bahari inakula pini. Hazichukui muda zimeshika kutu, zimeacha doa la kahawia juu ya saini ya mtu, kwa hivyo tumia kamba za majalada na pini uzisahau. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usiache jalada sakafuni hata usiku mmoja, na kabati lisiegemee ukuta unaovuja. Mchwa nao hawajui kusoma neno SIRI. Majalada yaliyofungwa yasipelekwe gengeni kufungia karanga, wala yasichomwe kwa sababu chumba kimejaa. Yana utaratibu wake, na Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu ndiyo ya kuulizwa. Ukipata nafasi ya kwenda Unguja, pita Kilimani uone nyaraka zilizoko pale, za enzi za masultani na za ubalozi mdogo wa Uingereza. Watafiti wanazisafiria kutoka nchi za mbali. Zinasomeka leo kwa sababu walikuwapo makarani waliozipa namba wakaziweka pakavu.

Sisi wa Pemba tuna na la ziada. Katibu Mkuu wa wizara yuko Unguja, huku tuko na Afisa Mdhamini anayeisimamia wizara upande wa Pemba, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni karatasi inayovuka bahari. Utamwona mtu anampa bahasha jirani yake anayepanda boti ya Unguja bandarini Mkoani: "Ukifika Malindi kuna kijana atakujia, amevaa fulana ya kijani." Bahasha ikipotea, huku imetoka, kule haikufika, na hakuna aliyesaini. Kama hapana budi ichukuliwe na abiria, basi iwe imeandikwa kwenye kitabu cha kupelekea barua, jina la aliyeichukua limo na saini yake imo, na jioni ile umepiga simu afisi kuu kuuliza kama imepokelewa, na ni nani aliyeipokea.

Siku hizi barua inapigwa picha na kurushwa WhatsApp hata boti haijang'oa nanga. Hilo mimi silipingi, linawahisha mambo. Ila ukiipata picha hiyo ichapishe, igonge muhuri, andika juu yake kwamba ni nakala iliyopokelewa kwa simu na asili inafuata, kisha iingie jaladani. Maamuzi yanayokaa kwenye kundi la simu yanaondoka na mwenye simu siku anapohamishwa.

Ukiandika barua wewe, mwandikie mwenye cheo. Majina yao waachie wenyewe. Watu huhamishwa, cheo hubaki. Maneno "kupitia kwa" yana maana yake, usimruke mkuu wako kwa kuwa unajuana na wa juu. Kichwa cha barua nacho kiseme kitu. "YAH: OMBI" haimwambii mtu lolote. "YAH: OMBI LA GARI LA WAKAGUZI KWENDA MICHEWENI, TAREHE 12 MEI" inamfanya msomaji ajue la kujibu kabla hajavaa miwani. Tena barua moja iwe na jambo moja, kwani ukichanganya likizo ya dereva na ununuzi wa wino, karani wa kule hajui aiweke jalada gani, na ataiweka lolote. Ukitia saini kwa k.n.y., yaani kwa niaba ya mwengine, awepo aliyekuagiza na agizo lake liwe kwenye maandishi. Muhuri ufungie kabatini. Karatasi tupu haigongwi muhuri, si kwa rafiki wala kwa mkuu aliye mbioni kuwahi boti.

Lililo gumu zaidi ya hayo yote nimeliweka hapa katikati makusudi, kwa vile najua wengi hawafiki mwisho.

Mji wetu mdogo. Jalada ulilolishika ni la mume wa shangazi yako, au la mwalimu aliyekusomesha skuli, au la jirani ambaye ukuta wenu mmoja. Jioni umekaa barazani na kikombe chako cha kahawa, mzee mmoja atakuuliza kama anayeuliza hali ya hewa: "Ati ile barua ya uhamisho ya fulani imeshatoka?" Ukisema imetoka, umeitangaza kabla mwenyewe hajaipata. Ukisema bado, umekiri kwamba unaifuatilia. Ukisema hujui, na wote wanajua unakaa masjala, umewadanganya watu wazima machoni. Mimi husema, "Mwenye barua ataletewa barua yake, mzee wangu," kisha namuuliza karafuu zake zimeanikwa wapi mwaka huu. Pemba hakuna anayekataa kuzungumza karafuu. Mara ya kwanza watakuona una maringo, ya pili pia. Halafu wataacha kuuliza. Na wale wale waliokununia ndio watakaokujia siku wana shida yao ya siri, kwa kuwa wameshajua kwako haitoki.

Nyumbani pia ni hivyo hivyo. Mke, mume, mama, wote wasijue nani kakatwa mshahara. Si kwamba hawaaminiki. Wakijua, nao watalazimika kunyamaza kama wewe, na wao hawalipwi kwa hilo.

Jamaa nao watakuja mlangoni. "Mwanangu, nimetoka Konde na gari ya alfajiri, nikae benchi na wewe umo ndani?" Msabahi kama anavyostahiki, mpe kiti, mpe maji, muulize wajukuu mmoja mmoja. Karatasi yake lakini iingie kwa zamu yake. Heshima ni yako, mpe uwezavyo. Zamu ni ya wote waliokaa pale tangu asubuhi, na nao wametoka mbali.

Na mtu usimwambie "njoo kesho" ikiwa wewe mwenyewe hujui kesho kuna nini. Aliyetoka Makangale nauli yake ameikopa. Mtajie vyote vinavyokosekana kwa mara moja, umwandikie kwenye kikaratasi: barua ya sheha, nakala ya kitambulisho, picha mbili. Kumtajia kimoja leo na kimoja wiki ijayo ni mateso, sina neno jengine. Kama anayetakiwa hayupo, sema hayupo na atarudi lini, uandike jina la mgeni, anakotoka, namba yake na shida yake, na kikaratasi hicho kikutwe mezani.

Vikaoni utaitwa uandike muhtasari hata kama hukuajiriwa kwa hilo. Usihangaike na kila neno la kila mtu. Waliohudhuria, walioomba udhuru, yatokanayo na kikao kilichopita, lililoamuliwa, nani atalifanya, hadi lini. Uandike siku ile ile, kwa maana wiki ikipita utakuwa unatunga. Kikao cha Ijumaa saa tano usikipange kabisa: dua na salamu zikimalizika, watu wameshaanza kutazama saa wawahi msikiti.

Ya fedha ni marefu, nitataja moja tu. Ukichukua masurufu ya safari, yaani fedha unazopewa mkononi kabla ya kuondoka, yarejeshe pamoja na risiti wiki uliyorudi. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na ukimwendea mhasibu na risiti za Februari siku tatu kabla ya hapo, utasikia utakayosikia.

Mimi asubuhi kabla ya chai ya saa nne hufungua daftari la kukumbushia. Kila barua inayosubiri jibu ina siku yake humo, na siku ikifika natoa jalada, naandika ukumbusho. Ni daftari la kawaida la skuli. Vijana hunambia simu ina kengele, na wanasema kweli, ila kengele wanaizima wakiwa wanakula.

Mfumo wa kompyuta ukiletwa afisini kwenu, upokee kwa mikono miwili, lakini utakuta unakuuliza yale yale: namba, tarehe, jalada, limekwenda kwa nani. Asiyejua kuyajibu kwenye karatasi hatayajibu kwenye kioo. Hati zako zipe majina yenye tarehe na jambo, yule "barua mpya ya mwisho kabisa 2" hakuna atakayempata. Weka nakala mahali pengine pia. Na rejista ya mkono msiitupe upesi. Waliokuwa kazini Unguja wakati umeme ulipokatika kisiwa kizima, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua kwa nini nasema hivi.

Ukienda likizo, andika makabidhiano, ukurasa mmoja unatosha: majalada yaliyo nje na yako kwa nani, barua zinazosubiri majibu na siku zake, funguo za kabati amepewa nani, muhuri amepewa nani. Mtie saini nyote wawili, nakala apewe mkuu. Kuna wanaoficha makusudi wapigiwe simu kila saa, ionekane bila wao hapafanyiki kitu. Wewe acha karatasi yako. Pakipungua jambo watakupigia. Wajibu, na jambo hilo uliongeze kwenye makabidhiano ya likizo ijayo.