Kwa nini Mafia haikufungwa yote

Unauliza kwa nini Hifadhi ya Bahari ya Mafia, kisiwani Mafia, Tanzania, imechorwa kanda badala ya kufungwa yote. Ndugu, mle ndani mna vijiji! Eneo lilitangazwa 1995, kilomita za mraba 822. Kanda ya kiini, mfano sehemu ya Ghuba ya Chole, ni marufuku kuvua. Ya pili wenyeji wanavua kwa masharti. Ya tatu ni nafuu kidogo, hata wavuvi wasio wenyeji huingia kwa kibali.

Katika kuchora kanda hizo, setelaiti huonyesha vizuri mikoko, na majani ya bahari kwenye maji ya kina kifupi na maangavu. Ila chewa anazalia wapi, na wakati wa bamvu (maji makuu) la mwezi gani, muulize mvuvi wa mshipi. Mstari ukichorwa ofisini bila yeye, utakuta umekata katikati ya mahali watu wanapotega madema.