Mzinga na Sega: Namna ya Kuandika Majina ya Makala na Tovuti

“Chanzo: Google.” Mstari huu bado unakutwa kwenye ripoti za mafunzo kwa vitendo na hata kwenye tasnifu. Google ni dalali tu. Amekuonyesha nyumba, lakini nyumba si yake, na msomaji wako anataka kujua ni ya nani na iko mtaa gani.

Kanuni inayobeba karibu kila kitu ni moja, na mtu wa Tabora aliyezoea asali ataishika upesi: kuna mzinga na kuna sega. Kitu kizima kinachojitegemea, yaani kitabu, gazeti, jarida au tovuti nzima, ni mzinga. Jina lake huandikwa kwa mlazo, au italiki kama wengi tunavyosema. Kilichomo ndani, yaani makala, sura, shairi au ukurasa mmoja wa tovuti, ni sega, na jina lake hukaa ndani ya alama za mtajo. Tuseme umesoma makala ya “Dagaa na mwanga wa mwezi” katika jarida la *Ziwa Letu* (majina yote mawili ni ya kubuni). Anayesoma anaona papo hapo kipi kimo ndani ya kipi. Ukigeuza, ataenda maktaba kuulizia kitabu cha dagaa ambacho hakijawahi kuandikwa.

Kwenye orodha ya marejeo mambo hubadilika kidogo, kwa sababu kila mtindo una desturi yake. MLA, mtindo unaotumika sana kwenye masomo ya lugha na fasihi, hubaki na mzinga na sega mpaka mwisho. APA, mtindo unaotumika sana kwenye saikolojia na sayansi ya jamii (hapa ni mwongozo wake wa 7), huvua alama za mtajo: jina la makala ya jarida huandikwa wima, kisha jina la jarida na namba ya juzuu kwa mlazo, na namba ya toleo ndani ya mabano, wima. Ikifika kwenye ukurasa wa kawaida wa tovuti, APA hugeuza: jina la ukurasa ndilo linalopata mlazo, jina la tovuti linabaki wima.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, hasa kwa habari za mtandaoni. Habari ya kwenye tovuti ya Mwananchi ni ya gazeti, kwa hiyo kwa APA itakuwa hivi: Mwandishi. (Mwaka, tarehe). Kichwa cha habari. *Mwananchi*. Kiungo. Habari ya BBC Swahili haina gazeti nyuma yake, kwa hiyo mlazo unahama: Mwandishi. (Mwaka, tarehe). *Kichwa cha habari*. BBC Swahili. Kiungo. Kabla hujabonyeza Ctrl+I, jiulize kwanza kama unachokinukuu ni gazeti au jarida, au ni tovuti tu.

Mwandishi akiwa ni taasisi yenye tovuti, kwa mfano TANAPA (shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania) kwenye ukurasa wake kuhusu hifadhi ya Gombe, iandike mara moja tu mahali pa mwandishi. Usiirudie kama jina la tovuti. Tarehe ya kutembelea ukurasa, kwa APA, ni ya kurasa zinazobadilika kila mara, kama ratiba ya treni ya Kigoma. Makala iliyokwisha kuchapishwa haiihitaji.

Jina la ukurasa lichukue juu ya makala yenyewe, si kwenye ukanda wa juu wa kivinjari, ambako jina la tovuti huwa limebandikwa mwishoni. Likiwa limeandikwa lote kwa herufi kubwa, usilinakili hivyo. Kwenye orodha ya APA, herufi kubwa ni ya neno la kwanza, neno linalofuata nukta pacha, na majina maalumu. Ziwa Tanganyika halipotezi herufi zake. Jina la jarida lenyewe hubaki na herufi kubwa kwenye maneno yake makuu. Kiungo ulichokitoa Facebook mara nyingi huburuta mkia unaoanza na fbclid. Ukate, kisha ufungue kiungo kuhakikisha bado kinafika. Wala, kwa APA, usiweke nukta mwisho wa kiungo, maana ikinakiliwa pamoja nacho ukurasa unaweza kugoma kufunguka.

Wanaoandika kuhusu Kigoma wana mtihani wao wa ziada. Jina la kisayansi la sokwe wa Gombe, *Pan troglodytes*, tayari huandikwa kwa mlazo. Likiingia ndani ya jina la kitabu ambalo nalo ni la mlazo, lisimamishe wima: *Maisha ya* Pan troglodytes *wa Gombe* (hiki nacho ni cha kubuni). Ukiliacha limelala, linazama kwenye jina la kitabu. Meli nayo ina utaratibu wake: MV *Liemba*, herufi za MV zikiwa wima na jina likiwa la mlazo.

Kwenye karatasi ya mtihani, ambako mkono hauna mlazo, piga mstari chini ya jina la kitabu au gazeti. Huo ndio mstari uliokuwa ukimwambia mpiga chapa alaze herufi, kwa hiyo kwenye kompyuta usiweke vyote viwili. Na kazi unayopeleka steshenari kuprinti, itume kama faili. Ukiibandika kama ujumbe wa WhatsApp, mlazo wote unapotea, na anayekuchapia hana namna ya kujua ulikuwa wapi.