Ua la mgagani: jibu kwa mwanangu

Mwanangu,

Waniuliza kama mmea wa maua meupe uliojiotea kando ya ukuta wenu huko Bamburi baada ya masika ni mgagani wenyewe, ile mboga ya majani, au ni gugu tu.

Liinamie ua ulitazame kwa ubavu. Mgagani una petali nne, nyeupe au za waridi hafifu, nyembamba kama kijiti chini na pana juu. Katikati huchomoza kikonyo kirefu kuzipita petali, na huko juu ndiko zinakotokea stameni (vijiti vya chavua) sita za zambarau. Kikonyo hakiishii hapo: kinaendelea tena, na nchani ndipo ganda la mbegu linapoanza. Hiyo ndiyo alama isiyodanganya. Ule mmea mwingine unaofanana nao, wa maua ya manjano unaonata, hauna kikonyo hicho, na stameni zake ni nyingi. Kile kimmea kidogo cha maua ya urujuani kiotacho mitaroni pia hakina, tena kila jani lake lina vipande vitatu. Mgagani aghalabu una vitano, lakini hesabu majani ya chini, kwani yaliyo karibu na maua huwa na vitatu vilevile na huwapoteza wengi.

Ukishachanua, majani mapya huwa madogo na uchungu huzidi. Ukitaka mboga, nyofoa matumba mara yanapoonekana, kwa kawaida wiki ya nne hadi ya sita tangu kupanda. Mmea wenye kiu huwahi kuchanua, basi usiunyime maji.

Bakisha mashina mawili matatu ya mbegu. Vuna maganda yakigeuka manjano. Yakikauka hupasuka yenyewe na mbegu zikamwagika. Usizipande papo hapo. Mbegu mbichi hugoma kuota, na wengi hudhani zimeoza. Zikaushe, uziweke hadi masika yajayo. Ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu, umwage kwenye mfereji wa kina kisichozidi sentimita 1, mistari ikiachana sentimita 30. Ukizifukia sana hazitokezi. Miche ikishika, ipunguze ibaki sentimita 15 kati ya mche na mche, na hiyo unayong'oa ipike.

Huo wa ukutani, kama maji ya mtaro hupita hapo, usiuchume kwa kula. Chukua mbegu zake tu.

Mamako