Jibu: Mbona LC1 huacha chuki kuliko kura ya rais?
Ndugu, umeuliza mbona hapa Uganda uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, huacha chuki mtaani kuliko ule wa rais. Mimi nalaumu mlolongo. Julai 2018 tulipanga mstari nyuma ya wagombea, tukahesabiwa vichwa mchana kweupe. Jirani yangu anayeuza chapati alisimama upande ulioshindwa. Wiki mbili nzima vijana wa mshindi walimpita kama hawamjui, na mwenye duka akaacha kumkopesha unga. Karatasi ya kura ya siri ingemsitiri.

Watetezi husema mlolongo ni rahisi na hauibiki. Rahisi, sawa. Lakini anayekudai akiwa kwenye mstari ule pale, wewe utasimama wapi?

Ubunge una ugonjwa wake: wagombea wakiwa sita, mwenye asilimia 30 anaweza kupita hata kama waliobaki wote hawamtaki. Rais lazima avuke asilimia 50, la sivyo wawili wa juu warudiane ndani ya siku 30. Kule Australia mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, kwa hiyo mgombea husita kuwatukana wafuasi wa mwenzake, maana anaitaka namba 2 yao, inayohesabiwa kwake mgombea wao wa kwanza akitolewa. Hiyo ningeijaribu kwanza kwenye ubunge.